Korido ya Mama

Walimwita Timazi, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, ambayo fundi huining'iniza kando ya ukuta ajue kama umesimama wima au umelala upande. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu alikuwa mtu wa kubomoa kazi ya kutwa nzima kwa kosa dogo kuliko ukucha. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajakaa alikuwa ameshafumba jicho moja na kuutazama ukuta wako upande upande. Chakula chako atakula na shukrani atatoa, lakini utajua tu kwamba kona yako imemuudhi.

Basi mtu wa namna hiyo alikuwa na mama anayeishi katika nyumba iliyooza.

Ilikuwa nyumba ya zamani, ya mawe na udongo, na kuta zake zilikuwa nene hata mtoto angeweza kulala dirishani. Walioijenga waliipiga lipu ya chokaa, na chokaa ina tabia moja njema: maji ya ardhini yakipanda ukutani, huyaacha yapite yatoke nje, ukuta ukabaki mkavu. Nyumba ilikaa hivyo miaka na mikaka. Kisha marehemu baba yake Timazi akaona majirani wanapiga nyumba zao simenti, naye akaona aibu kubaki nyuma. Ikapigwa simenti ndani na nje, ikapakwa na rangi ya mafuta juu yake ing'ae. Mzee alifariki akiamini amewaachia nyumba ya kisasa, Mungu amrehemu, na hakuwa na ubaya wowote moyoni. Lakini maji hayana habari na mambo ya kisasa. Yalizidi kupanda kama siku zote, yakakuta njia imezibwa, yakakaa humo humo ndani ya ukuta.

Miaka ikaenda, na nyumba ikaanza kuonyesha ubovu wake. Lipu ilivimba ikapasuka. Chumvi nyeupe ikachomoza, ukipitisha kidole inamwagika kama unga. Nyuma ya kabati kukaota kuvu nyeusi. Stoo ilinuka kiasi kwamba hata panya waliikimbia. Na mama, aliyekuwa amekaa humo tangu alipoletwa bibi harusi, akaanza kukohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha kunywea tangawizi kikaisha. Msimu wa mvua uliopita walimpeleka hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi. Daktari alimpima, akamwuliza maswali, kisha akawaita watoto pembeni. Akawaambia mvua nyingine zikimkuta mama yao katika nyumba ile, wasimlaumu mtu.

Watoto walikuwa wawili tu. Timazi alikuwa mdogo. Mkubwa alikuwa dada yake, mwalimu mkuu wa shule, mwanamke aliyezoea kusema jambo mara moja likafanyika. Dada aliishi mji mwingine, ghorofani, nyumba ina lifti na maji ya moto. Alipomtoa mama hospitali alikuja na uamuzi wake tayari.

"Mama, utahamia kwangu. Chumba kipo, kitanda kipo. Hatuna haja ya kubishana."

"Nani anabishana?" mama akasema. "Mimi nakwambia siendi."

"Daktari amesema—"

"Daktari akimaliza kusema anaenda kulala kwake. Na mimi nitalala kwangu. Kwako nitakaa kama mzigo uliosahauliwa stesheni, kila anayepita anauruka."

Alisema hayo huku akitoka jikoni na sinia la chai, akipita korido ndefu iliyotoka nyuma ya nyumba hadi sebuleni. Sinia lilikuwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiparuza ukuta. Hakumwaga tone. Aliweka vikombe mbele yao, kila mtu na chake, akakaa kwenye kiti chake bila kukitafuta. Macho yake yalikuwa na utandu kidogo, na watoto walijua kwamba hayaoni vizuri kama zamani. Akiulizwa husema tu, "Uzee." Wao wakaona jibu linatosha.

Timazi ndiye aliyekata mzozo. Alikuwa ametazama chini muda wote, maana aibu ilikuwa imemkaba. Yeye, fundi anayeitwa miji ya mbali kukausha majumba ya watu, mama yake mwenyewe anakufa kwa unyevu!

"Nipeni kiangazi hiki," akasema. "Mama aende kwa dada nifanye kazi. Nitaitoa simenti yote, niirudishe nyumba kwenye chokaa. Akirudi, dada utakuja mwenyewe ushike kuta kwa mkono wako. Zikiwa kavu, mama anakaa kwake mpaka Mungu atakapomwita, na hakuna atakayelizungumza tena. Zikiwa na maji, utamchukua moja kwa moja na mimi nitakubebea mabegi."

Dada alimtazama, akamtazama mama, akakubali.

"Chumba changu kifanye," mama akasema. "Sebule ifanye. Jikoni sawa. Korido iache."

"Mama, korido ndiyo imeoza kuliko zote."

"Nimesema iache."

"Kwa nini?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Ungemwona hapo ungejua kuna neno limemfika kooni akalimeza. Lakini Timazi alikuwa akiutazama ukuta.

"Nimeizoea," mama akasema.

"Utaizoea nyingine. Nitakufanyia korido kama ya hotelini."

"Basi angalau usiinyooshe sana, baba."

Timazi alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kumwambia yeye asinyooshe ukuta! Siku ya pili akamhadithia mwenzake wa kazi, mchanganyaji chokaa waliyemwita Bubu kwa sababu hakunyamaza tangu asubuhi hadi jioni. Bubu naye akacheka, na kuanzia hapo ikawa ndiyo salamu yao. "Usiinyooshe sana, baba!" Bubu alikuwa akipaza sauti kila Timazi alipochukua pima maji.

Walianza nje. Udongo ulikuwa umerundikana kando ya kuta mpaka ukapita usawa wa sakafu, wakauchimba na kuuondoa, wakatengeneza mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali. Kisha wakaingia ndani na tindo na nyundo. Simenti ilibanduka vipande vipana kama sahani, na nyuma ya kila kipande jiwe lilikuwa jeusi na limelowa, udongo wa katikati laini kama ugali. Mahali pengine maji yalichuruzika yenyewe baada ya kutobolewa. Bubu alifunga pua kwa kitambaa akasema wanapasua jipu. Ilikuwa hivyo hasa.

Korido aliishika Timazi mwenyewe. Ukutani, usawa wa kiuno, kulikuwa na mstari mweusi wa uchafu wa mikono, umetoka mlango wa chumba cha mama mpaka jikoni. Mstari huo ulimkera tangu ujana wake. Rangi ilikuwa imelika, lipu imevimba hapa, imebonyea pale, karibu na stoo imelowa na kuwa baridi kama mgongo wa chura. Alianza na mstari huo. Aliufuata kwa tindo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akiuponda kwa furaha kabisa, kisha ndipo akapanua kwenda juu na chini.

Kuta ziliachwa uchi zipumue. Timazi alikuja kila asubuhi kuzishika kama mtu anayemshika mgonjwa wake paji la uso, na kila asubuhi zilikuwa afadhali ya jana. Dada alikuwa akipiga simu.

"Mama hasogei," alimwambia siku moja. "Tukimkalisha pale asubuhi, jioni tunamkuta pale. Jana amepiga paji la uso mlangoni. Juzi amemwaga uji mezani. Macho yake ni mabaya kuliko tulivyodhani."

"Ugeni tu huo. Nyumba siyo yake. Huku anatembea na sinia la chai kama mhudumu wa mkahawa, wewe si umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi. Akirudi kwake utamshangaa."

"Haya, harakisha. Anauliza nyumba kila siku."

Maneno hayo yalimpa Timazi nguvu za kichaa. Tusimwonee: alimpenda mama yake, na kwa sababu hakuwa na ulimi wa kusema mambo hayo, aliyaweka yote mkononi. Chokaa yake haikuwa ya unga wa mifuko ya dukani. Alichukua mawe ya chokaa yaliyokwisha chomwa, akayatia maji yakachemka yenyewe yakitoa moshi, yakawa laini kama siagi, akayaacha yakae ndani ya mapipa. Chokaa ya namna hiyo huhifadhiwa chini ya maji isigande. Uji mzito unatulia chini, juu yake maji yanabaki meupe safi, mtu asiyejua angedhani ni ya kunywa. Na ni makali. Yameshababua mikono ya mafundi wengi, na jicho likiingiwa ni balaa.

Alipiga lipu kwa mchanga wa chengachenga, tabaka juu ya tabaka, kila moja likingojewa likauke. Alitundika magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe kwa haraka ikapasuka. Tabaka la mwisho la korido alilifanya peke yake, akamfukuza hata Bubu. Mkono ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, mpaka ukuta ukawa laini kama shavu la mtoto. Aliteremsha ile kamba yake juu mpaka chini, mwanzo mpaka mwisho. Haikugusa popote wala kuachia popote. Alikuwa ameshafanya kazi kwenye majumba ya wakubwa, na hakuwa amewahi kuacha nyuma yake ukuta kama ule. Alisimama akautazama, machozi yakamlenga, akajisingizia vumbi.

Harufu iliisha. Stoo ilikuwa tupu, nyeupe, unaweza kulala humo. Pipa moja la chokaa lilibaki, la kupaka ukuta wa nje mara ya mwisho, na Timazi akaliingiza stoo, nyuma tu ya mlango upande wa kushoto, jua lisilichome. Akalifunika ubao.

"Si ungeliacha nje?" Bubu akasema.

"Nje jua. Tutalimaliza wiki hii hii."

Mama alirudi alasiri, ameshikwa mkono na Dada. Alikuwa amekonda. Lakini alipokanyaga kizingiti aliuondoa mkono wa Dada taratibu, akajinyoosha, uso ukafunguka. Timazi alikuwa amevaa shati safi. Alikuwa na hofu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Dada alianza kukagua. Alibandika kiganja sebuleni, akabandika chumbani, akainama akashika chini kabisa, penye maji siku zote. Alinusa. Alifungua kabati. Hakupata kitu.

Mama yeye alielekea korido. Aliweka mkono ukutani, akaenda hatua chache kwa haraka yake ile ya zamani, halafu mwendo ukapungua. Mkono ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Akasimama katikati. Aligeuza uso huku na huku, akivuta hewa puani.

"Mmeitoa yote?" akauliza.

"Yote, mama. Mpaka jiwe."

"Na huku chini?"

"Chini, juu, kote. Hata harufu hakuna. Umesikia?"

"Nimesikia," mama akasema. "Hakuna."

Alibaki amesimama pale, kiganja kimelala ukutani. Timazi alimwona midomo ikimtetemeka, akajua amefurahi mno. Alimwachia nafasi, akatoka nje akampiga Bubu ngumi ya bega kwa furaha.

Dada alilala naye chumba kimoja na kumsindikiza kila alikotaka kwenda. Asubuhi alimwacha mama bado amelala, akatoka kibarazani akamkuta mdogo wake ameshafika, anakunywa chai.

"Sijasikia hata kikohozi kimoja," Dada akasema. "Hata kimoja! Kwangu alikuwa anakohoa, na kwangu hakuna unyevu." Akakaa, akajimiminia. Si mwanamke wa kushindwa kirahisi, na ilimchukua nusu kikombe kulitoa neno lenyewe. "Umenishinda, mdogo wangu. Anakaa kwake. Nimekubali."

Timazi alikuwa anatafuta cha kujibu, cha utani, ndipo wakasikia ukelele.

Aliingia mbio. Mama alikuwa stoo. Alikuwa amepiga magoti kando ya pipa, ubao umeanguka, uso wote mweupe, viganja vimebana macho, chokaa inamtiririka shingoni. Kila asubuhi ya maisha yake mama alikwenda jikoni, akafunua pipa la maji lililokaa nyuma ya mlango upande wa kushoto, akachota kwa viganja akanawa uso. Asubuhi hiyo aliingia mlango mmoja kabla.

Fundi anajua cha kufanya chokaa ikiingia machoni, naye alikifanya. Alimbeba jikoni, akamlaza, akamfumbua kope kwa nguvu, akamwagia maji safi, mtungi baada ya mtungi, mama akipiga mayowe na Dada akilia huku anachota. Waliendelea kummwagia ndani ya gari njia nzima. Timazi hakulia. Kichwani mwake lilikuwa linazunguka jambo moja: nimempofua mama yangu. Nimempofua mama yangu kwa mkono wangu.

Daktari wa macho alikaa naye ndani muda mrefu. Alipotoka aliwakuta wamesimama ukutani kama watoto waliofukuzwa darasani.

"Ngozi imeungua, itapona," alisema. "Macho yatauma sana, tutampa dawa. Mmefanya vizuri kumwosha haraka."

"Ataona?" Timazi akauliza.

Daktari akamtazama kwa mshangao. "Kuona? Macho haya hayakuharibiwa na chokaa. Yamekufa zamani, miaka mingi. Taa ninamwashia usoni, hajui. Hamkujua?"

Hawakujua. Dada alikaa chini kwenye benchi. Timazi, kwa nukta moja ya kinyama ambayo hakuja kujisamehe, alipumua: si mimi. Kisha pumzi ile ikamrudia ikamkwama, kwa sababu alikumbuka mkono wa mama juu ya ukuta, na akaanza kuelewa.

Waliporuhusiwa, mama alilazwa kwenye chumba chake, macho yamefungwa bandeji. Chumba kilikuwa kikavu, hewa safi. Timazi alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Kwa nini hukutuambia, mama?"

"Niwaambie ili iweje? Dada yako angenibeba siku hiyo hiyo."

"Ulikuwa unatembeaje?"

"Kwa ukuta." Alisema bila hasira. "Nikitoka hapa mlangoni, ukuta ni mkavu, una ufa. Ufa ukiisha kuna uvimbe. Baada ya uvimbe ni choo. Ukianza kumwaga chumvi, najua nimekipita. Halafu pale penye maji, baridi, na harufu, ni stoo, siingii. Harufu ikinipita nyuma nimefika jikoni. Na sebule hivyo hivyo. Nyumba nzima ilikuwa hivyo. Baba yako alipoipiga simenti nilisikitika, lakini mimi na ile nyumba tulizeeka pamoja, ikaja ikanifaa."

"Ilikuwa inakuua, mama."

"Najua ilikuwa inaniua. Mimi si mtoto."

"Ungeniambia! Ungesema neno moja tu, ningekuachia korido."

"Nilikwambia uiache."



Lakini fundi hakubali kazi imemshinda, na Timazi alikuwa fundi mpaka kwenye mifupa. Siku ya pili alirudi na tindo. "Nielekeze," akasema. "Nitaweka uvimbe, nitachonga ufa, nitaweka kokoto penye stoo. Niambie ilikuwa wapi na wapi, nitakurudishia yote." Alikuwa tayari kuutia vidonda ukuta ule aliouonea fahari, na tindo lilikuwa mkononi.

Mama alijaribu. Aliinua mkono kitandani, akautembeza hewani. "Hapa ufa. Halafu... ngoja." Mkono ukasimama. Akaurudisha mwanzo. "Ufa, halafu uvimbe. Uvimbe ulikuwa... mkubwa?" Akajaribu mara nyingine. Kisha akaushusha mkono juu ya shuka. "Sikuwa nakumbuka, baba. Nilikuwa napita tu. Sasa siupati."

Alichonga alichoweza. Alipigilia pia kamba kutoka mlango hadi mlango, na mafundo kila penye mlango. Bandeji zilipotolewa mama aliishika kamba, akaenda nayo mpaka jikoni, Timazi nyuma yake hapumui. Alifika. Alifika mbele ya pipa lake la maji, pipa lake hasa, maji safi, akanyoosha mikono kuyachota, na mikono ikakataa. Ilibaki juu ya maji.

"Ni maji, mama. Onja, ona, nakunywa mimi." Akachota akanywa kwa kelele ili asikie.

"Najua ni maji."

"Basi nawa."

"Siwezi."

Alirudi na kamba mpaka kitandani, na kuanzia siku hiyo hakutoka chumbani bila kushikwa mkono. Timazi alisema atahamia pale, atalala sebuleni, atampeleka popote anapotaka. Alisema maneno mengi, yeye ambaye hakuwa mtu wa maneno. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Unajua, mwanangu, mimi sikuwa kipofu," akasema. "Nilikuwa sioni tu, lakini nilikuwa kwangu. Sasa ndiyo nimekuwa kipofu. Kama ni kushikwa mkono, kushikwa ni kule kule. Kwa dada yako kuna lifti."

"Mama, nyumba ni kavu. Tulikubaliana. Ikiwa kavu unakaa."

"Ni kavu, baba. Umeshinda. Mwambie aje."

Dada alikuja na gari. Hakuna aliyefurahi, hata yeye aliyekuwa ameanza kwa kulitaka jambo hilo. Walifunga nguo chache, na Timazi akabeba mabegi. Mama alipita korido akiwa amemshika Dada kiwiko, mikono yake miwili upande wa Dada, na hakuugusa ukuta. Garini alimtafuta Timazi uso kwa kiganja, akaupata, akaushika kidogo penye ndevu.

"Nyumba yako hiyo," akasema. "Usiiache ikapigwa simenti tena."

Mvua zilikuja kubwa mwaka ule. Majirani waliingiwa na maji mpaka vitandani, na walipoona nyumba moja tu imesimama kavu wakaanza kuja. Timazi aliwapitisha vyumbani. Waligusa kuta, walinusa, walishangaa, wengine walimwomba awafanyie na wao, naye akasema atafikiri. Walipouliza kwa nini kuna kamba kwenye korido nzuri namna ile, na kwa nini ukuta umetobolewa tobolewa, alisema ni mambo ya kazi.

Jioni moja mvua ikipiga mabati ya jirani alimpigia Dada simu.

"Kifua chake?" akauliza.

"Kizuri sana. Hakohoi hata kidogo. Daktari mwenyewe ameshangaa, anasema kwa afya hii ataishi miaka mingi."

"Anatembea?"

"Hapana."

"Anakaa wapi basi, kutwa nzima?"

Kwa mbali Timazi alisikia redio ya kule, na kikombe kikiwekwa mezani.

"Pale tunapomkalisha," Dada akasema.